Usione Vyaelea: Gari la Mkubwa Mlangoni Petu Selly Oak

Mjomba wa mmoja wetu ana gari moja tu, nalo, kwa maneno yake mwenyewe, ni kubwa kuliko chumba anachopanga. Ni Rover 75 la kijani, injini ya dizeli, lililoundwa mwaka 2004. Mjomba anakaa mtaa wa pili na sisi hapa Selly Oak, na kwa kuwa mtaani kwake nafasi ya kuegesha ni shida, mara nyingi gari hulala mlangoni petu. Majirani wanafikiri ni letu, nasi hatujawahi kuwasahihisha kwa haraka.

Mwezi wa Novemba gari lilipelekwa kwenye ukaguzi wa mwaka, likashindwa. Chumvi inayomwagwa barabarani kila msimu wa baridi imekula vyuma vya chini ya milango, na bei ya kuchomelea aliyotajiwa mjomba ilizidi bei ya gari lenyewe. Jioni ile alikuja kwetu. Tukamwamkia, tukamwekea chai, akakaa kimya. Kisha akasema: "Wanangu, nyinyi mnaosoma historia, hebu niambieni. Hili gari nilitengeneze, au nilipeleke kwenye chuma chakavu?"

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Insha hii ni jibu letu. Tumechelewa kulitoa kwa sababu tulipoanza kulitafuta tuligundua kwamba swali la mjomba ni la historia kweli, tena linatuhusu sote wanne. Wawili wetu wazazi wao wametoka Tanzania, mmoja familia yake ni ya Mombasa, na mmoja ni mjukuu wa Waasia wa Uganda. Katika kila nyumba kulikuwa na hadithi ya gari la mkubwa, na katika kila hadithi gari lilikuwa limeshapita mikononi mwa mtu mwingine.

Gari la mkubwa ni nini?

Kwa Kiingereza kuna jina maalumu la aina hii ya gari: si gari la kifahari kabisa la mfalme au tajiri mkubwa, wala si gari dogo la familia. Ni gari la meneja, daktari, mkurugenzi, mkuu wa idara. Lina milango minne, buti refu, viti vya ngozi, na nafasi ya kutosha nyuma kwa mtu anayeendeshwa na dereva. Mjomba huliita tu "gari la mkubwa", nasi tutafuata msemo wake.

Alijifunza maana ya maneno hayo Tanga, miaka ya 1970, akiwa mtoto. Meneja wa shirika moja la umma alikuwa na Peugeot 504 jeupe. Watoto walijua saa ya gari hilo kupita kama walivyojua saa ya kula. Mjomba anasema hawakumwonea wivu meneja. Walichotaka ni kugusa bampa.

Wakati huo huo Afrika Mashariki ilikuwa imeshapata neno kwa watu wa namna hiyo. Baada ya uhuru, wakubwa wapya walipoanza kupanda Mercedes-Benz, wananchi waliwaita Wabenzi, kana kwamba ni kabila jipya lililozaliwa pamoja na bendera. Ni neno la mzaha lenye sarufi kamili: kiambishi *wa-* kimewekwa mbele ya nyota ya Mjerumani, na watu wakaelewana. Limetumika katika lugha za nchi nyingine pia, na tunadhani ni moja ya michango ya Kiswahili katika siasa za dunia ambayo walimu wetu hawajaitaja darasani vya kutosha.

Serikali nazo zililijibu swali la ukubwa, kila moja kwa njia yake. Tanzania, Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka miiko ya uongozi. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, wala kuwa na nyumba za kupangisha. Gari halikutajwa katika miiko ile. Kenya ilikwenda upande mwingine: Tume ya Ndegwa ya mwaka 1971 iliwaruhusu watumishi wa serikali kufanya biashara huku wakiendelea na kazi zao. Kwa hiyo gari lile lile lilikuwa na maana mbili pande mbili za mpaka. Nairobi lilisema, "Nimefanikiwa." Dar es Salaam lilisema, "Hili ni la ofisi," hata pale ambapo kila mtu alijua watoto wa bosi ndio wanaopelekwa nalo shuleni.

Kisha bei ya mafuta duniani ikapanda, na fedha za kigeni zikaadimika. Tanzania ilifika mahali pa kupiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili mchana. Spea hazikupatikana. Magari ya wakubwa yalikaa juu ya mawe, yakivuliwa kipande kimoja kimoja ili mengine yatembee. Mjomba anasema 504 la meneja liliishia nyuma ya gereji, halina milango, na kuku wakitagia ndani. Ndipo alipoligusa bampa kwa mara ya kwanza.

Ukubwa wa mtumba

Kilichobadilisha mambo ni bandari. Mwaka 1984 serikali ya Tanzania iliwaruhusu wananchi wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Miaka saba baadaye, Februari 1991, kikao cha CCM kilichofanyika Zanzibar kililegeza miiko ya uongozi. Kati ya miaka hiyo na mwisho wa karne, gari liliacha kuwa kitu cha kugawiwa na ofisi, likawa kitu cha kununuliwa, na kwa watu wengi lilinunuliwa likiwa limetumika.

Mengi yalitoka Japani, na sababu zake si ngumu. Japani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani uko kulia. Tena huko gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi ni wa gharama. Mwenye gari hupiga hesabu, akaona heri auze anunue jingine. Gari ambalo Mjapani ameona limezeeka linafika Dar es Salaam au Mombasa likiwa bado na harufu ya upya ndani.

Hapo ndipo gari la mkubwa lilipopata maisha ya pili. Toyota Mark II na Toyota Crown yalikuwa magari ya mameneja wa Kijapani. Afrika Mashariki yakawa ya mwalimu mkuu mwenye mkopo, mfanyabiashara wa Kariakoo, na baadaye dereva wa teksi. Neno mtumba, lililokuwa la nguo, likahamia kwenye magari bila kuomba ruhusa. Serikali nazo zimejaribu kuweka mipaka: Kenya haipokei gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kukataa yaliyozidi miaka 15.

Kuna hesabu moja ambayo kila mwenye gari la mkubwa lililotumika huijua, nasi tumeijifunza kwa kumtazama mjomba. Bei ya gari hushuka, lakini bei ya spea haishuki. Mnunuzi wa kwanza, ambaye mara nyingi ni kampuni, hubeba hasara kubwa ya miaka mitatu ya mwanzo. Wa tatu au wa nne hulipata kwa bei ya gari dogo. Lakini likiharibika, linadai matibabu ya mkubwa. Ndiyo maana mjini utaona Mercedes ya zamani imeegeshwa na Toyota ndogo ya miaka ile ile bado inatembea. Kilichomshinda mwenye Mercedes si kulinunua.

Vituo vinne kutoka hapa

Sasa turudi Birmingham. Ukipanda treni hapa Selly Oak kuelekea kusini, utapita Bournville, Kings Norton na Northfield, kisha utafika Longbridge. Vituo vinne tu. Hapo ndipo Herbert Austin alipochukua kiwanda cha uchapaji kilichoachwa, mwaka 1905, akaanza kuunda magari. Austin 7 la mwaka 1922 lilitoka hapo, na Mini la mwaka 1959 pia. Kwa karibu miaka mia moja, barabara yetu hii ya Bristol Road ilikuwa njia ya wafanyakazi wa kiwanda kile.

Rover halikuwa jina la Longbridge tangu mwanzo. Lilianzia Coventry kwenye baiskeli, likahamia Solihull, na likawa jina la magari ya watu wenye heshima zao. Rover P5 liliwabeba mawaziri wakuu wa Uingereza, na Margaret Thatcher alifika Downing Street mwaka 1979 ndani ya moja. Makampuni yaliunganishwa, yakauzwa, yakauzwa tena, mpaka mwaka 1994 BMW ya Ujerumani ikanunua yote.

Chini ya BMW ndipo Rover 75 lilipozaliwa. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1998, hapa hapa Birmingham, na likaanza kuundwa Cowley, Oxford. Lilitengenezwa kwa makusudi lionekane la zamani: mistari ya chuma king'aavu ubavuni, mbao kwenye dashibodi, na saa zenye rangi ya maziwa. Mwaka 2000 BMW walichoka na hasara, wakaiuza kampuni kwa kundi la wafanyabiashara wa hapa lililoitwa Phoenix. Bei ilikuwa pauni 10. Ndiyo, kumi. Uundaji wa Rover 75 ukahamishiwa Longbridge, na miaka minne baadaye gari la mjomba likatoka hapo.

Kuna jambo moja la kuangalia mbele ya boneti. Nembo ya Rover ni jahazi la Waviking, lenye tanga na omo lililoinuka. Mjomba anasema ndilo lililomfanya asimame mara ya kwanza. Mtu wa Tanga hawezi kupita jahazi bila kulitazama. Tena alitukumbusha jambo ambalo sisi tuliokulia hapa hatukulijua: usukani ni neno la baharini. Kabla ya kushikwa na dereva, ulishikwa na nahodha. Breki, klachi, gia na rejeta tulizipokea pamoja na magari ya Waingereza, lakini usukani tulikuwa nao wenyewe.

Nani alilipa?

Mjomba alinunua gari lake mwaka 2006, likiwa na miaka miwili tu. Alikuwa akifanya kazi ya usiku kwenye ghala, na hakuwa mtu wa kununua gari la daraja lile. Aliweza kwa sababu lilikuwa limeshuka bei kupita kiasi. Sisi tulidhani alikuwa na bahati. Yeye mwenyewe alidhani hivyo kwa miaka mingi.

Bahati hiyo ilikuwa na tarehe. Aprili 2005 mazungumzo na kampuni ya SAIC ya China yalivunjika, na MG Rover ikafilisika. Watu wapatao 6,000 walipoteza kazi, mbali na waliokuwa kwenye viwanda vilivyoiuzia vipuri. Gari lisilo na kampuni nyuma yake halina dhamana, na wanunuzi wakalikimbia. Ndiyo maana mhamiaji wa zamu ya usiku aliweza kukaa kwenye kiti cha meneja.

Mwaka 2009 ripoti ya wakaguzi walioteuliwa na serikali ilionyesha kwamba wakuu watano wa kampuni walikuwa wamepata jumla ya pauni milioni 42 katika mishahara na pensheni katika miaka ile mitano. Wafanyakazi walikuwa wameahidiwa mfuko wa kuwasaidia. Hesabu zilipofungwa, zilizobaki zilifika kama pauni 3 kwa kila mtu, zikaishia kutolewa sadaka. Tuliposoma hayo maktabani, mwenzetu wa Mombasa alifunga kompyuta akasema neno moja: "Wabenzi." Hatukuwa na la kuongeza, ila kwamba hawa walikuwa wanauza Rover.

Mwenzetu wa Uganda naye alileta hadithi yake. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Takriban 28,000 walikuja Uingereza, na baadhi yao ndio walioanzisha familia tunazozijua hapa Birmingham na Leicester. Babu yake alikuwa na Peugeot 404 alilolinunua baada ya kuweka akiba kwa miaka tisa. Aliendesha familia mpaka uwanja wa ndege wa Entebbe, akaliegesha, akaacha funguo ndani. Nalo likawa gari lililotumika, kuanzia dakika ile. Mtu fulani alilichukua, na pengine aliambiwa ana bahati.

Hili ndilo tulilolipata katika utafiti wetu, na ndilo tunalotaka kulisema kwa wasomaji. Ukubwa ukishuka bei, kuna mtu ameangushwa. Mara nyingine ni kampuni tu imebeba hasara kwenye vitabu vyake, na hakuna aliyelala njaa. Mara nyingine ni mtaa mzima. Mnunuzi wa mtumba hana kosa, lakini historia ya kitu chake haianzi siku aliyolipa.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Sisi tulikuwa tumeliona jahazi la mjomba likielea kwa miaka. Hatukuwahi kuuliza juu ya walioliunda, na mmoja wao alikuwa akipita mbele ya nyumba yetu kila asubuhi na mbwa wake.

Jirani

Tulimfahamu kwa sababu ya gari. Ni mzee wa Kiingereza, mtu wa maneno machache. Jumamosi moja alitukuta tumefungua boneti, tunatoa majani yaliyoziba vijifereji vya chini ya kioo cha mbele. Akasema tunafanya vizuri, kwa sababu maji yakijaa hapo hufika kwenye kompyuta ya injini. Tukamuuliza amejuaje. Alikuwa amefanya kazi Longbridge miaka 27. Miaka ya mwisho alikuwa akifunga milango ya Rover 75.

Mjomba alipokuja tulimtambulisha. Wakashikana mikono. Tulitegemea mazungumzo marefu, lakini mzee alizunguka gari, akafungua mlango wa dereva, akaufunga, akasikiliza. Akaufungua tena, akaufunga. Akasema bado unafunga vizuri. Kisha mjomba, kwa Kiingereza chake cha taratibu, akamwambia: "Nililinunua rahisi. Sikujua." Mzee akajibu kwamba afadhali yeye kuliko mtu ambaye asingelitunza. Akamwita mbwa wake, akaondoka.

Jibu letu

Haikuwa rahisi kukubaliana. Mmoja wetu alisema liende kwenye chuma chakavu. Tangu tarehe 1 Juni 2021 jiji lina eneo la hewa safi katikati ya mji, na gari la dizeli la umri huu hutozwa pauni 8 kwa siku likiingia humo. Selly Oak iko nje ya eneo hilo, lakini mapafu ya watoto wa Selly Oak ni mapafu vile vile. Hoja hiyo ni ya kweli, na hatukuweza kuijibu.

Mwingine alisema litengenezwe, kwa sababu spea zipo na klabu za wapenzi wa Rover bado zinasaidiana. Wa tatu alitaka tujue kwanza nani atalipa. Mwenzetu wa Uganda ndiye aliyetupatanisha. Alisema: "Babu hakuchagua namna ya kuachana na gari lake. Jirani hakuchagua namna ya kuachana na kazi yake. Mjomba anaweza kuchagua. Basi achague vizuri, asikimbizwe na karatasi ya ukaguzi."

Kwa hiyo jibu letu kwako, mjomba, ni hili. Usilitengeneze kwa ajili ya ukubwa, maana ukubwa wake ulikwisha kabla hujalinunua. Wala usilitupe kana kwamba lilitoka dukani likiwa halina watu ndani yake. Kila mwaka mwezi wa Aprili wenye magari ya Longbridge hukusanyika Cofton Park, ng'ambo ya mahali kilipokuwa kiwanda. Lifikishe huko likiwa zima, mbele ya watu walioliunda. Baada ya hapo mpe mtu atakayelitunza, au liuze kipande kimoja kimoja ili mengine yatembee, kama lile 504 la Tanga.

Tulimsomea insha hii jikoni kwetu, yote, huku akituvunja kila tulipokosea ngeli. Tulipomaliza alikunywa chai yake mpaka mwisho. Akasema amempata fundi wa kuchomelea kwa nusu ya bei ya yule wa kwanza. Aliyemwelekeza ni jirani.

Safari ya Cofton Park ni Aprili. Jirani ameshakubali kukaa mbele. Nyuma kuna viti vitatu na sisi tuko wanne, kwa hiyo mmoja wetu atapanda treni vituo vinne. Wanachama na wahadhiri wanaotaka kuja watamkuta kituoni.